Ndege wa Unga

Mama alikufa akinitambua kwa viganja.
Alinipapasa pua, shavu, nywele za kisogoni,
akasema, "Efisia, umekonda,"
nami nilikuwa nimenenepa.

Sisi ukoo wetu huoka mikate ya harusi
hapa Sardinia, vilimani nyuma ya Oristano:
ngano ngumu, chachu, chumvi,
na mkasi mdogo unaokata unga
ukawa waridi, ukawa kichala cha zabibu, ukawa ndege.
Kila bawa lina manyoya arobaini.
Wateja wangu hulipia macho yangu, si ngano.

Kipimo cha miezi mitatu: kumi na moja nukta nne.
Daktari Piras alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.
Sikuhitaji kuambiwa zaidi.

Basi nikabana.
Kidole mara saba kwa siku, tone la damu,
na Bachisio, mume wangu, akiandika daftarini
kwa mwandiko wa karani wa kodi.
Nilioka mkate, nikala dengu.
Nilinusa ganda likipasuka, nikameza mate.
Usiku mmoja sukari ikaporomoka:
niliamka nimelowa jasho, ulimi mzito,
namwita mume wangu kwa jina la mbwa.
Alininywesha maji ya machungwa kijiko kwa kijiko
huku akicheka, huku akilia.

Mwezi wa nne: saba nukta moja.
Muuguzi Grazietta akapiga makofi.

Wiki hiyohiyo
uzi mweusi ukakatiza jicho la kushoto.
Nikaupangusa nikidhani ni unywele.
Nilipogeuka, ukageuka nami.

Wakanipiga picha.
Nyuma ya jicho kulikuwa kwekundu kama tanuri,
na juu ya wekundu ule, madoa meupe, laini,
kana kwamba mtu amekung'uta mikono yenye unga.
"Haya hayakuwapo mwaka jana," Piras akasema.

Nilipokula ovyo, jicho lilinyamaza.
Nimejinyima miezi minne, ndipo linalalamika?
Nilimuuliza hivyo, nimesimama, mkoba kwapani.

Hakunipaka asali.
Alisema jicho lililozoea mafuriko
hushtuka mto ukipungua ghafla;
si kwa wote, ila hutokea
kwa waliokaa juu miaka mingi kisha wakashuka mbio.
"Ningekushusha taratibu zaidi, nikikuchungulia macho mara kwa mara.
Hilo ni kosa langu, si lako.
Lakini usirudi juu.
Mwaka huu jicho litakulaumu. Baadaye ndipo litakulipa."

Haraka haina baraka, nikamwambia,
na ajizi je? Ajizi, kwetu, ni nyumba ya giza.
Hakuwa na jibu. Akaandika tarehe ya miale.

Nyumbani nililitupa daftari tanurini.
Nikalichomoa kabla halijashika moto,
kingo zimegeuka kahawia.
Ndilo tunaloandikia hadi leo. Linanukia mkate.

Miale ilikuwa ya kijani,
kila mpigo kama mlango unaobamizwa chumba cha pili.
Nilihesabu manyoya hadi ilipokwisha:
mabawa kumi, na nusu.

Miaka miwili sasa.
Sukari imetulia pale pale, kwenye saba na kitu.
Madoa mengi yameyeyuka, uzi umekuwa kivuli,
na pembeni pa jicho la kushoto kuna ukungu
ambao Piras hasemi kama utaondoka,
nami nimeacha kumuuliza.

Jumamosi aliolewa Ilenia, binti ya kaka yangu.
Nilimkatia ndege wawili wanaotazamana.
Yule wa kushoto nilimmaliza, nikamtia shaka,
nikafumba macho, nikampapasa bawa kwa ncha za vidole
jinsi mama alivyokuwa akinipapasa uso.
Thelathini na saba.
Nikafumbua macho, nikayakata matatu yaliyosalia.

Kisha nikanawa unga, nikatoboa kidole.
"Mia moja na kumi na nane," nikasema.
Bachisio akaandika.